Nyuki Asiye na Subira

Saa moja na nusu asubuhi, umande haujakauka kwenye majani ya nyanya, na Bibi amekwisha kukaa. Kakalia ndoo iliyopinduliwa, hatua moja kutoka kwenye miche, mikono iko magotini na wavu umelala majanini kando yake. Nilipomwamkia aliitikia kwa sauti ya chini, kisha akanionyesha kwa kidevu nikae upande wa pili, kivuli changu kisije kikaangukia maua. Baada ya hapo hatukusema kitu kwa muda mrefu.

Bustani yenyewe iko Columbus, Ohio, nayo imegawanywa vipande vidogo vidogo kwa familia zilizotoka kila pembe. Kuna mchicha, kuna bamia, kuna maboga yanayolimwa kwa ajili ya majani, na nyanya hazikosekani kwa mtu yeyote. Kiswahili unachokisikia hapa ni cha Bukavu, cha Mombasa na cha Tanga, mara nyingine vyote katika mazungumzo ya ndoo moja ya maji. Bibi, maana ndivyo wote wanavyomwita, ni mzaliwa wa Muheza. Kazi yake ya ujana ilikuwa maabara ya hospitali: kukaa mbele ya hadubini na kuhesabu vijidudu vya malaria katika tone la damu lililokaushwa juu ya kioo, kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Alistaafu, akawafuata wanawe huku, lakini macho yale yalitaka kazi. Sasa kila Jumamosi ya majira ya joto anawatambua nyuki-bambi wa bustani hii, mmoja mmoja, na kuwaandika daftarini.

Nyuki-bambi hatukukua naye. Dunia ina aina zaidi ya 250 za nyuki hawa, wengi wao katika nchi za baridi na milimani, na katika Afrika wanapatikana kaskazini tu, ng'ambo ya jangwa la Sahara. Kwa hiyo mtu wa kwetu anapomwona mara ya kwanza, mnene, mweusi, kifua cha manjano, mvumo wa kujaza masikio, humpa jina la yule anayemfahamu: nyuki seremala, anayetoboa boriti na kenchi na kuacha unga wa mbao ukumbini. Nami nilimwita hivyo kwa miaka miwili. Siku Bibi aliponisikia hakunisahihisha kwa maneno mengi. "Seremala hata hapa wapo, mwanangu," alisema, "ila huyu siye. Njoo Jumamosi."

Hii ni Jumamosi ya sita.

Anayemtafuta leo ndiye wa kawaida kuliko wote katika mashariki ya Marekani, kuanzia mipaka ya Kanada hadi Florida. Jina lake la kisayansi ni Bombus impatiens, alilopewa na Ezra Townsend Cresson mwaka 1863. Bombus maana yake ni mvumo. Impatiens, kwa Kilatini, ni asiye na subira. Nimelifikiria jina hilo mara nyingi nikimtazama mwanamke huyu kwenye ndoo yake.

Hatua ya kwanza ya kazi yake ni kusikiliza. Nyuki alikuja upande wa kushoto, akazunguka shina mara mbili, akaning'inia chini ya ua la nyanya. Ua la nyanya halitoi chavua kwa kuguswa tu. Limeificha ndani ya mirija iliyobanana kama koni ya manjano. Nyuki aliing'ata koni ile kwa taya, akajikunja kuizunguka, mabawa yakatulia kabisa mgongoni, na ghafla mvumo ukabadilika. Ukapanda, ukawa mwembamba na mkali, kama msumeno unaogusa ubao mgumu. Misuli ya kurukia ilikuwa ikitetemeka bila kupigisha mabawa, na chavua ikamwagika tumboni mwake kama unga kwenye chekecheo. Mvumo ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Alipoondoka Bibi aliinama, akanionyesha alama ndogo ya hudhurungi kwenye koni, mahali pa meno. Nyuki wa asali hana uwezo wa kufanya hivi, ndiyo maana tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wakulima wa nyanya za ndani ya vibanda vya kioo huku hununua makundi ya impatiens kwa masanduku.

"Kwa sauti tu nimeshapunguza nusu ya maswali," akasema. "Lakini sijaandika kitu."

Wavu ulinyanyuka wakati nyuki wa tatu alipotua. Nimejaribu mwenyewe na najua ugumu wake: mtu asiyezoea hupiga, ua likavunjika, nyuki akaenda. Bibi hapigi. Anausogeza wavu kutoka pembeni kwa mwendo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, anaupitisha chini ya ua sentimita chache, na papo hapo anageuza kifundo cha mkono ili kitambaa kijikunje juu ya ukingo na mlango ufungike. Kisha anashika ncha ya wavu na kuiinua kuelekea jua, kwa kuwa nyuki aliyenaswa hupanda kufuata mwanga. Nyuki akiwa juu anahangaika, mkono wa pili unaingia kwa chini ukiwa na kichupa cha plastiki, mdomo wazi, unapanda naye taratibu hadi unamfunika. Kifuniko kinafuata. Hapakuwa na hata sekunde moja ambayo kidole chake kilimgusa.

"Pole dada," alikiambia kichupa. "Dakika kumi tu."

Dada, kwa kuwa ni jike. Mwezi wa saba wengi wanaoonekana mauani ni majike wafanyakazi. Kichupa kikaingia katika kasha la barafu, kikafungiwa ndani ya kitambaa kisigusane na barafu yenyewe. Hapo Bibi akafungua daftari na kuandika vitu ambavyo havihitaji kumwona nyuki: tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, ua alilokutwa nalo. Nafasi ya jina aliiacha tupu. Hii ndiyo tabia yake inayonigusa kuliko zote. Sisi wengine tunaanza na jina halafu tunatafuta vya kulitetea. Kwake jina ni kitu cha mwisho kufika.

Baridi humtuliza nyuki bila kumdhuru. Alipotolewa, miguu ilikuwa imekunjwa, vipapasio vimelala usoni. Bibi alimmwaga juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa kwenye ubao wa kukatia mboga, akavaa kamba yenye lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi, akachukua brashi ya mchoraji, ile nyembamba ya mwisho yenye nywele chache tu. Lenzi aliisogeza hadi karibu igusane na nyusi zake, kisha akainua ubao kuufuata, badala ya kuinama yeye. "Ukiinama unatetemeka," alinieleza siku ya kwanza. Hilo nadhani lilitoka maabara.

Mpangilio wa kutazama haubadiliki, hata kwa mdudu ambaye mimi namtambua kutoka mita tatu.

Kwanza mabawa. Kuna inzi waliojivika manyoya ya manjano na meusi mpaka wakafanana na nyuki-bambi kwa umbo na hata kwa namna ya kutua. Inzi ana mabawa mawili na vipapasio vifupi kama vishikizo. Nyuki ana manne, ya nyuma yakiwa yameunganishwa na ya mbele kwa vijindoano visivyoonekana kwa macho matupu, na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko. Hilo lilimchukua pumzi moja.

Pili, mguu wa nyuma, na hapo hakuwa na haraka. Alipitisha ncha ya brashi chini ya mguu na kuunyoosha kidogo kidogo. Nyuki-bambi jike ana muundi mpana, bapa, usio na manyoya katikati, unaong'aa kama kijiko. Kandokando umezungukwa na nywele ndefu zilizopinda kwa ndani. Ndicho kikapu chake. Chavua huloweshwa kwa nekta, hukandwa, na kupakiwa pale hadi inakuwa donge. Huyu alikuwa na donge dogo la manjano hafifu kila upande, linene chini, jembamba juu. Bibi aligeuza ubao kidogo ili mwanga uingie kati ya donge na ukingo wa kikapu, nikauona uso ule laini wa muundi. Nilikaa nikiutazama kwa muda, na hakuniharakisha.

Mguu huo unajibu maswali mawili kwa mpigo. Seremala wa huku, Xylocopa virginica, hana kikapu: mguu wake una manyoya kila mahali na chavua hukaa humo ikiwa kavu. Bibi ananitaka nisiishie kwenye mguu, nitazame na fumbatio, yaani sehemu ya tumbo. La seremala liko karibu uchi, jeusi, lenye mng'ao wa kiatu kilichopigwa rangi na kusuguliwa. La nyuki-bambi lina manyoya hadi mwisho. Kichwa cha seremala nacho ni kipana, kina taya za kazi, maana hutoboa mbao kavu tundu la kama sentimita moja na zaidi, duara safi utadhani limepigwa keekee. Nilipomweleza Bibi kwamba ndugu za seremala wenye umbo hili hili ndio wanaochavusha mapesheni kwetu, uso ulimchangamka. Alinikumbusha wale weusi wenye mistari miwili ya manjano, akanieleza mpesheni wa baba yake ulivyokuwa ukivuma wakati wa jua kali. Kisha akarudi kwenye lenzi.

Swali la pili la mguu ni gumu zaidi. Miongoni mwa nyuki-bambi kuna wasiojenga wala kulea. Jike huingia katika kundi la wengine, hutaga humo na kuwaachia wenye nyumba kazi yote, kama ndege anayetaga katika kiota cha mwenziwe. Mmoja wao, Bombus citrinus, huvamia makundi ya impatiens na anafanana naye kwa rangi: kifua cha manjano, nyuma nyeusi. Asiyelea watoto hahitaji kikapu, hivyo muundi wake ni wa mviringo na una manyoya. Mtu anayetazama rangi tu atamwandika mvamizi kwa jina la mwenye nyumba, na hatajua. Bibi alimkuta mmoja Jumamosi ya pili, nami nilikuwepo. Alishaugeuza ubao mara tatu kabla sijaona tofauti yoyote.

Tatu, jinsia. Dume ana pingili 13 katika kipapasio na jike 12, na Bibi huzihesabu kweli, midomo ikichezacheza. Dume wa impatiens ana uso wa manjano. Huyu uso ulikuwa mweusi. Jike.

Kisha ndipo tulipofika mgongoni.

Niseme kuhusu pingili, kwa sababu hapo ndipo kazi yote inapokaa. Fumbatio la nyuki limegawanyika kama muwa, na kitambulisho cha impatiens ni kwamba pingili ya kwanza ina manyoya ya manjano na zote zinazofuata ni nyeusi. Sentensi hiyo ni fupi na mtu anaweza kuikariri akiwa amesimama. Lakini pingili ya kwanza haikai wazi. Imejificha nusu nyuma ya kifua, ikiteremka wima kama ukuta, na manyoya ya kifua yanaifunika kwa juu. Mtazamaji mwenye haraka huanza kuhesabu kwenye ya pili akidhani ndiyo ya kwanza, na hesabu ikianza vibaya jina linageuka. Bibi aliweka ncha ya brashi mahali kifua kinapokwisha, akayalaza manyoya mbele, akangoja yatulie. Kisha akayalaza ya nyuma. Ufa mdogo mweusi ukaonekana. "Kiuno," akasema. Kutoka kwenye ufa ule ndipo alipoanza kuhesabu, akigusa kila ukingo: moja, manjano, rangi ya limau iliyopauka, nywele fupi zilizolingana utadhani zimekatwa kwa mkasi mmoja. Mbili, nyeusi. Alirudi kwenye ya pili. Akaipasua manyoya katikati, akapasua kushoto, akapasua kulia, kila mara akigeuza ubao ili jua liingie kwa pembe nyingine.

Alikuwa akitafuta kisichokuwepo, na kazi ya kutafuta kisichokuwepo haiishi kwa kutazama mara moja.

Kitu cha kwanza alichotaka kuhakikisha hakipo ni doa la manjano katikati ya pingili ya pili. Likiwepo, nyuki ni Bombus bimaculatus, mwenye madoa mawili, ambayo mara nyingi huungana na kufanya umbo la herufi W huku pembeni kukibaki kweusi. Nyuki huyo huwahi kuamka mwanzo wa majira ya kuchipua na makundi yake humalizika mapema, wakati impatiens huendelea hadi mwezi wa kumi. Bibi anaijua kalenda hiyo kwa moyo lakini haipi nafasi ya kuamua. Mwaka una baridi yake na joto lake. Anachokiamini ni manyoya. Ya bimaculatus ni marefu na yamevurugika, kama nywele za mtoto aliyetoka usingizini, na juu ya kichwa chake kuna kishungi cha manjano. Akapanda kichwani kwa brashi. Utosi ulikuwa mweusi.

Kitu cha pili ni mshipi wa hudhurungi. Bombus griseocollis ana pingili ya kwanza ya manjano vilevile, na kwenye ya pili ana mwezi mwembamba wa rangi ya kutu mbele, halafu weusi nyuma yake. Akiwa mpya mshipi huo unaonekana kwa mbali. Lakini jua hupausha na msuguano wa maua hung'oa, na nyuki aliyezeeka anaweza kubaki na kivuli tu cha rangi ile, tena pembeni. Ndiyo sababu Bibi alipasua manyoya mara tatu na si mara moja. Nywele za griseocollis kifuani ni fupi mno, na katikati ana kipara cha mviringo kinachong'aa. Impatiens naye anaweza kuwa na kipara kidogo pale pale, na nyuki yeyote mzee anaweza kupata kipara cha kuchakaa. Nilimwuliza atavitofautisha vipi. Alinipa lenzi. Kipara cha kuzaliwa, nikaona, kina ukingo ambapo malaika mafupi hufuatana kwa utaratibu hadi kwenye manyoya kamili. Kipara cha kuchakaa kina visiki vya nywele zilizokatika, virefu na vifupi, bila mpango.

Bombus vagans na Bombus perplexus aliwapita upesi, kwa kuwa wote wawili wana manjano pingili ya pili nzima. Jina perplexus lenyewe maana yake ni kuchanganya, na aliyelitoa hakukosea. Vagans ana mwenzake, sandersoni, wanaofanana kama pacha, na hapo rangi haisaidii tena. Hupimwa shavu, ule uwazi kati ya chini ya jicho na mzizi wa taya, kama ni mrefu kuliko upana wake au mfupi. Uso mrefu kwa kawaida huenda na ulimi mrefu, na ulimi mrefu na maua yenye koo refu. Bibi hulipima shavu la kila nyuki hata pale asipolihitaji. Alimgeuza dada yule kwa upande, akamlaza chini ya lenzi kwa muda, kisha akasema urefu na upana ni karibu sawa, akaandika.

Picha tatu: mgongo, ubavu, uso. Ya mgongo aliirudia mara nne kwa sababu mabawa yalikuwa yamefunika pingili ya kwanza, na kila mara aliyasogeza kwa brashi bila kuguna. Na baada ya yote hayo, dakika kumi na mbili kwa saa yangu, ndipo alipojaza nafasi iliyokuwa tupu. Bombus impatiens, jike, mfanyakazi. Jina ambalo ningelitoa mimi nikiwa nimesimama.

Nilimwuliza, na sikuuliza kwa kubisha: kama tisa kati ya kumi wa hapa ndio hao hao, kwa nini asiwaandike kwa macho tu na kuweka nguvu kwa wale wa nadra?

Alifuta lenzi kwa ncha ya kanga. "Affinis naye alikuwa wa kawaida," akajibu.

Bombus affinis, nyuki mwenye kiraka cha kutu mgongoni, hadi miaka ya 1990 alikuwa akionekana kila mahali katika eneo hili la Marekani na Kanada, Ohio ikiwemo. Katika miaka michache alitoweka sehemu kubwa ya makazi yake, na mwaka 2017 serikali ya Marekani ilimwingiza katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, nyuki-bambi wa kwanza kuwekwa humo. Waliotaka kujua aliwahi kuishi wapi walirudi kwenye masanduku ya makumbusho na kusoma lebo ndogo chini ya nyuki waliokauka, lebo zilizoandikwa na watu waliomshika akiwa hana thamani, siku ambayo walikuwa na kila sababu ya kutoandika. Bibi hakunieleza haya yote siku hiyo. Mengine niliyajua baadaye. Alichosema ni yale maneno matano, kisha akaomba kichupa cha pili.

Masanduku ya namna hiyo nilishayaona nyumbani kwake, jioni ya Jumamosi ya nne. Hamuui nyuki kwa ajili ya kumtambua, lakini wanaokufa wenyewe hawaachi wakapotea: waliokutwa kwenye ubao wa dirisha, waliozama katika pipa la maji ya mvua. Aliyezama huwa amegandamana, manyoya yamejishika kama brashi ya gundi, na rangi zote zimekuwa moja. Mezani jikoni, kati ya bakuli la mchele na redio, Bibi alimtia mmoja katika chupa ndogo ya maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, akaizungusha polepole kwa mkono. Akayamwaga, akasuuza mara mbili. Akamhamishia kwenye chupa iliyofungwa kipande cha chandarua mdomoni na kuipulizia mashine ya kukaushia nywele, joto la chini, akiitingisha ili mdudu ajiviringishe. Kwa dakika kadhaa hapakutokea lolote. Halafu nywele moja ikasimama, zikafuata nyingine, na manjano yakarudi kutoka chini kama nyasi zinavyoinuka baada ya kukanyagwa. Alimalizia kwa brashi kavu.

Pini ilipita kifuani, upande wa kulia kidogo wa mstari wa katikati, wala si katikati kabisa. Nilimwuliza sababu. Pini huharibu mahali inapopita, alisema. Ukiiweka upande mmoja, upande wa pili unabaki mzima, na kwa kuwa nyuki ni sawa kushoto na kulia hujapoteza kitu. Chini ya nyuki akachomeka lebo aliyoiandika kwa kalamu nyembamba: nchi, jimbo, wilaya, tarehe, alikopatikana, aliyempata. Herufi zilikuwa ndogo na zilisimama wima, kila moja peke yake. Mwandiko wa mtu aliyezoea kwamba kosa la herufi moja kwenye kioo cha damu ni dawa ya mgonjwa mwingine.

Hadi saa tatu na nusu asubuhi ya leo vichupa tisa vilikuwa vimepita juu ya ubao. Saba impatiens. Mmoja griseocollis, mshipi wake ukiwa bado mbichi, nami niliuona kabla sijaambiwa na nikajikuta natabasamu. Wa tisa alitushinda. Alikuwa mzee, mabawa yamechanika ncha kama bendera ya jahazi, kifua karibu uchi, na pingili ya pili ilikuwa na nywele chache zilizobaki ambazo kwa jua la huku zilionekana nyeusi na kwa jua la kule hudhurungi. Bibi alimtazama kwa muda mrefu kuliko wote. Alimgeuza, akahesabu pingili upya kutoka kiunoni, akapima shavu, akatazama visiki vya nywele kifuani. Nilihisi jina likinijia mdomoni, nikalizuia. Mwishowe aliandika Bombus, akaacha nafasi, akaandika: jike, mzee, aina haijajulikana. Akapiga picha zake tatu kama wengine. Hakuonyesha kusikitika.

Kisha akamweka yule mzee juani, juu ya kona ya kitambaa, na tukakaa kumngoja. Nyuki-bambi aliyepoa hawezi kuruka hivi hivi. Misuli ya mabawa inahitaji kufikia joto la nyuzi 30 hivi, na joto hilo analitengeneza mwenyewe kwa kutetemeka. Mwanzo kilichocheza ni mguu mmoja wa katikati, uliinuka juu ubavuni na kubaki hewani, ishara yao ya kusema usinisogelee. Bibi akarudisha mkono nyuma. Fumbatio likaanza kupanda na kushuka, haraka, haraka zaidi, kama kifua cha mtu aliyepanda ngazi. Mabawa yalikuwa bado yametulia lakini ukiinama ulisikia mvumo mdogo sana ukitoka ndani. Akapangusa kipapasio kimoja kwa mguu wa mbele, akakivuta kama uzi kwenye sindano. Akapangusa cha pili. Akatembea hadi ukingoni mwa ubao, akasimama.

Mama mmoja wa kipande cha jirani alipita na beseni la majani ya maboga, akaona tumeinama, akashusha sauti bila kuambiwa.

Nyuki akaruka, chini chini kwanza, karibu aguse nyasi, kisha akapata kimo na kupita juu ya bamia kuelekea uzio. Bibi alimfuata kwa macho hadi alipopotea. Akatazama saa, akaandika saa tatu na dakika arobaini na nane mbele ya nafasi iliyoachwa tupu, akaupangusa ubao kwa kitambaa, na kunyoosha mkono kwenye kasha la barafu.